Mjusi wetu anaburuta tumbo: je, nimnyime chakula?

Swali: Habari za kazi, daktari. Naishi Kiamunyi hapa Nakuru. Mwajiri wangu aliporudi kwao Ujerumani mwaka jana aliniachia mjusi wake, yule wa Australia mwenye ndevu za miiba, pamoja na kizimba chake cha kioo. Watoto wanamwita Mzee. Wanampenda sana na kila mmoja humlisha: funza wa unga tunaonunua kwa jirani anayefuga kuku, yai la kuchemsha, ndizi mbivu, nyama ya kusaga kidogo, na mvua ikinyesha kumbikumbi kwa wingi. Mboga hagusi. Taa yake kubwa iliungua mwezi wa nne tukaweka ya LED kupunguza bili ya stima. Sasa amenenepa mpaka tumbo linaburuta, na kutwa amelala tu. Nilimpima kwa mizani ya jikoni: gramu 710, urefu sentimita 46 kutoka puani hadi ncha ya mkia. Rafiki yangu anasema nimnyime chakula wiki mbili, atapungua mwenyewe. Ni sawa?

Jibu: Mama, hapana. Usimnyime chakula wiki mbili. Mjusi mnene akikatiwa chakula ghafla, mwili huanza kuyatoa mafuta ulikoyaweka akiba na kuyamwaga kwenye ini, na ini la mjusi wa uzito huo huenda tayari limeelemewa. Likijaa mafuta linalegea, mnyama anakosa hamu ya kula, na kadiri asivyokula ndivyo ini linavyozidi kuharibika. Ukifika hapo hutakuwa tena na mjusi mnene. Utakuwa na mgonjwa wa kulishwa kwa sindano mdomoni, na wengine hawarudi. Rafiki yako ana nia njema, lakini hata mbwa nisingemfanyia hivyo.

Sasa turudi kwenye barua yako. Ulipotaja nyama ya kusaga niliguna, ulipotaja kumbikumbi nikatabasamu, lakini sentensi iliyonifanya nirudi kusoma upya ni ile ya taa.

Mjusi hatengenezi joto mwilini kama sisi. Hulichota nje, na bila joto hilo hameng'enyi chakula sawasawa, hatembei, hachomi alichokula. Mzee wenu ni wa jamii iitwayo Pogona vitticeps, kutoka bara la ndani la Australia kwenye ukame na jua kali. Hapa mko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai mnaujua wenyewe. Taa ya LED inatoa mwanga tu, joto hakuna. Kwa hiyo tangu mwezi wa nne Mzee ameishi kwenye chumba chenye mwanga mzuri na baridi, akiletewa vyakula vya karamu. Hata kwenye joto zuri mtambaazi hutumia takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu anayotumia mamalia wa uzito sawa na wake. Mpoze tena, na hata hiyo kidogo inapungua. Analala kwa sababu ni baridi, si kwa sababu ni mvivu.

Basi anza na taa kabla ya kugusa sahani. Ukipunguza chakula huku bado yuko kwenye baridi hujafanya kitu.

Upande mmoja wa kizimba, pale anapootea, kipimajoto kisome nyuzi 38 hadi 42. Upande wa pili ubaki nyuzi 24 hadi 27 ili akishiba joto aondoke. Usiku anaweza kuvumilia hadi 18 hivi bila shida. Tafuta balbu ya kizamani yenye uzi ndani, au halojeni, ya wati 60 hadi 100, na uifunge kwenye holda ya kauri, kwa maana ya plastiki itayeyuka. Taa nyekundu za vifaranga za wati 250 zinazouzwa kwenye agroveti usizitumie. Kwa kizimba cha kioo ni kali mno, zitamchoma mgongo. Ila ukiwa hapo hapo agroveti nunua kipimajoto chenye waya, kile cha mashine za kuangulia mayai. Weka ncha yake juu ya jiwe au gogo analoketi, sio ukutani. Sogeza taa juu au chini mpaka usome namba unayotaka, kisha uiache iwake saa kumi na mbili kwa siku.

Najua uliitoa ile taa kwa sababu ya stima, kwa hiyo tufanye hesabu wazi. Balbu ya wati 75 kwa saa kumi na mbili inakula uniti 0.9 kwa siku, yaani kama 27 kwa mwezi. Si kidogo kwa anayenunua tokeni, lakini ndiyo gharama halisi ya kumfuga mnyama huyu Nakuru, na mwajiri wako alipaswa kukuambia. Stima ikipotea, funika kizimba kwa blanketi na usimlishe mpaka joto lirudi. Na tafadhali, usimwekee jiko la makaa chumbani kama watu wanavyofanya na vifaranga. Moshi wake usioonekana utawaua ninyi kabla yake.

Halafu kuna jua, ambalo Nakuru ni la bure na ni kali. Huenda kizimba kina taa nyingine ndefu ya miale ya UVB, ile inayomsaidia mjusi kutengeneza vitamini D na kutumia kalsiamu. Taa hizo huishiwa na miale baada ya miezi sita hadi mwaka ingawa huendelea kuwaka kama kawaida, na yako imeachwa na mtu aliyeondoka mwaka jana. Mtengenezee kijizimba cha wavu wa chuma, mtoe nje siku kadhaa kwa wiki kuanzia saa tatu asubuhi, nusu saa hivi, nusu moja ya kizimba iwe kwenye kivuli. Mtu mzima akae karibu, sababu mwewe na paka hawaombi ruhusa. Usimtoe akiwa ndani ya kioo: kioo huzuia UVB, na kikikaa juani humwivisha mjusi ndani ya dakika chache.

Kabla hatujazungumzia chakula, nataka umgeuze Mzee kidogo uangalie chini ya mkia.

Mnamwita Mzee, nadhani kwa sababu ya ndevu, lakini majike nao wana ndevu. Mshike akiwa ametulia, inua mkia taratibu bila kuukunja kwa nguvu, utazame sehemu iliyo juu kidogo ya tundu la haja, upande wa chini wa mkia. Dume ana vivimbe viwili, kushoto na kulia, na bonde katikati. Jike ana kimoja tu katikati, au hana cha kuonekana. Ukikuta Mzee ni Bibi, habari inabadilika, kwa maana jike hutaga mayai hata kama hajawahi kuona dume, na tumbo unaloliona linaweza kuwa limejaa mayai. Mayai ukipapasa polepole pembeni mwa tumbo huhisi kama zabibu zilizopangwa. Jike mwenye mayai pia huchimbachimba pembeni bila kutulia. Akiwa na mayai na haonyeshi kuyatoa, hiyo ni safari ya daktari, tena mapema, na mambo ya kupunguza uzito yangoje.

Mafuta yenyewe yana alama zake. Angalia makwapa: kwa mjusi mnene kuna mifuko laini inayobonyea nyuma ya mikono. Angalia shina la mkia, kama limekuwa nene na la duara, na vimto vya juu ya kichwa nyuma ya macho, kama vimevimba badala ya kuwa tambarare. Kama tumbo tu ndilo kubwa huku mkia na mapaja yamekonda, hayo si mafuta. Anaweza kuwa na maji tumboni, uvimbe au kinyesi kilichoziba, na mimi siwezi kukutibia hilo kwa maandishi.

Tuseme ni dume na ni mafuta. Dume aliyekomaa wa urefu huo ningependa kumwona chini ya gramu 550. Kwa hiyo ana gramu 160 za kuachana nazo, na ningetaka ziende polepole, gramu 5 hadi 10 kwa wiki. Hiyo ni nusu mwaka, pengine zaidi. Watoto waambie mapema ili wasikate tamaa mwezi wa pili.

Chakula alichokuwa akila hakikuwa kibaya kwa sababu kilikuwa kingi tu. Kilikuwa cha mjusi mtoto. Mjusi ndevu mchanga hula wadudu zaidi kwa sababu anakua haraka. Akishakomaa sahani hugeuka, mboga za majani zikawa karibu sehemu nne kati ya tano na wadudu sehemu iliyobaki. Yai, hasa kiini chake, na nyama ya kusaga vina mafuta ambayo mwili wake hauna pa kuyapeleka. Ndizi ni sukari, na fosforasi yake inazidi kalsiamu. Kumbikumbi ni watamu, mimi mwenyewe nikienda upande wa Kakamega mvua zikianza siwakatai, lakini wakikaushwa theluthi hadi nusu ya uzito wao ni mafuta. Hivyo vyote acha kumpa leo. Funza wa unga nao wana mafuta. Waache wawe kitu cha nadra, mmoja au wawili mkononi mwa mtoto mara moja kwa wiki, basi.

Wadudu wa kawaida wawe nyenje, mara mbili kwa wiki, watano au sita kwa mlo, na kila mmoja asizidi upana wa nafasi kati ya macho mawili ya Mzee. Nyenje wa kufugwa wanapatikana. Ufugaji wao umeshika hasa upande wa Nyanza, ambako Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kimeushughulikia kwa miaka, na hata kwenye beseni nyumbani mtu anaweza kuwazalisha kwa kuwalisha mabaki ya mboga. Mabuu ya nzi mweusi, yale wafugaji wa kuku huita BSF, yana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengi na unaweza kubadilisha nayo mara mojamoja, ila usimimine. Panzi wa porini usiwaokote. Nakuru imezungukwa na mashamba yanayopuliziwa dawa, na panzi hana lebo ya kukuambia ametoka shamba gani. Na vimulimuli, hata mmoja, hapana. Baadhi ya aina zao zina sumu ya moyo ambayo mmoja tu hutosha kumuua mjusi huyu, kwa hiyo usiku funga dirisha wasiingie.

Mboga ndiyo kazi kubwa. Katika soko la Nakuru hutakosa kitu. Sukuma wiki ni msingi mzuri, lakini usimpe hiyo peke yake mwaka mzima. Zungusha na majani ya malenge, kunde na mrenda. Terere na ile tunayoiita spinachi ziwe kidogo na mara chache, kwa sababu zina oksaleti zinazoshika kalsiamu isifike mwilini. Managu mabichi yaache kabisa. Sisi tunayachemsha na kumwaga maji yake, yeye atayala mabichi. Vitunguu hapana. Parachichi hapana kabisa, ni sumu kwake, na nyumba yenye mti wa ovakado uani iangalie watoto wasimpe kipande kwa upendo. Boga la butanati likikwaruzwa ni zuri, na ua la haibiskasi linafaa. Papai kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mara moja kwa wiki.

Osha mboga za sokoni vizuri kwa maji mengi. Ukiweza, panda gunia moja la sukuma na malenge nyuma ya nyumba, usilipulizie chochote, na utakuwa umemaliza habari ya sumu.

Unasema hagusi mboga. Hajui kama ni chakula, na hajawahi kuwa na njaa ya kumfundisha. Weka mboga asubuhi, saa moja hivi baada ya taa kuwaka, akishapata joto. Ikate nyembamba kama ya kupika na ugali, inyunyizie maji ing'ae, juu yake uweke nyuzi za boga au petali nyekundu ya haibiskasi, maana macho yake hufuata rangi. Siku za nyenje, weka mboga kwanza na wadudu wafuate alasiri. Wengine huweka nyenje mmoja waliyempunguza mwendo katikati ya majani ili katika kumkimbilia apate na jani mdomoni. Atasusa. Siku nne, tano, wengine wiki nzima hula majani mawili na kukutazama vibaya. Wakati huo bado anapata nyenje zake mara mbili kwa wiki, kwa hiyo hayuko kwenye hatari niliyoieleza mwanzo, na hapo ndipo wengi hushindwa: mama mkwe amekuja kutembea, anamwonea huruma, anamchomolea funza watano. Mjusi anajifunza kwamba akisusa vya kutosha funza hufika.

Kwa hiyo mlishaji awe mmoja. Chagua mtoto mmoja mwenye msimamo, mpe kalenda ya ukutani, na kila alichokula Mzee kiandikwe hapo. Wengine wapewe kazi ya kunyunyizia maji mboga au kumtoa juani.

Kalsiamu unaipaka kwenye nyenje kabla ya kuwatoa. Unga wa kalsiamu wa mijusi ukikosa, maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa mpaka yawe laini kama poda ya mtoto, yanafaa. Usinunue DCP, ule unga wa madini wa kuku wa mayai. Ina fosforasi ambayo hatuitaki.

Mazoezi kwa mjusi hayahitaji falsafa. Joto likikaa sawa atatembea mwenyewe. Weka gogo la kupanda, lisiwe refu maana mzito akianguka huumia, sahani ya mboga iwe upande wa baridi na pa kuota upande wa pili, ili kula kumgharimu hatua kadhaa. Mkiwa sebuleni na mlango umefungwa, mwacheni atembee sakafuni dakika ishirini akiwa ametoka kuota.

Kupima: siku moja kila wiki, asubuhi kabla hajala, kwenye beseni la plastiki juu ya mizani. Na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mizani ya jikoni unayopimia unga usimpimie Mzee. Mitambaazi wengi hubeba salmonela bila wao kuugua, na mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kuugua vibaya. Nunua mizani nyingine ya bei nafuu iwe yake, beseni lake lisioshwe kwenye sinki la vyombo, na mikono ioshwe kwa sabuni kila anaposhikwa. Akipungua zaidi ya gramu 40 kwa mwezi, ongeza mlo mmoja wa nyenje kwa wiki. Asipopungua kabisa wiki sita baada ya kurekebisha joto, mtu fulani nyumbani anamlisha kwa siri.

Jambo la karatasi sitaki kulipita. Ukifuga mnyama wa aina hii Kenya unatakiwa kuwa na kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Kama mwajiri wako hakukuachia hati yoyote, mwandikie akutumie, kisha uende ofisi za KWS, shirika la wanyamapori, pale kwenye Hifadhi ya Ziwa Nakuru uulize utaratibu wa kuhamisha jina. Usije ukaingiwa na hofu ukaenda kumwachilia msituni Menengai. Baridi itammaliza.

Ninataka aonwe na daktari hata mambo yakienda vizuri, ndani ya mwezi huu, ili ini lake likaguliwe kwa damu na kama kuna mashine, apigwe picha. Sisi madaktari wa mifugo wengi siku zetu zinaishia kwa ng'ombe na kuku, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kama aliyepo amewahi kumtibu mtambaazi, na uhakikishe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Mko karibu na Njoro. Chuo Kikuu cha Egerton kina kitivo cha tiba ya mifugo, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia. Usingoje miadi ukiona ameacha kula kabisa hata nyenje, mdomo au macho yamekuwa ya manjano, anatetemeka vidole, anapumua kwa mdomo wazi akiwa upande wa baridi, au hajaenda haja wiki mbili ingawa joto liko sawa.

Siku ya kwenda, mbebe kwenye boksi lenye matundu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, kwa maana njia ya asubuhi ni baridi. Chukua kinyesi chake cha siku hiyo kwenye mkebe safi, kipimwe minyoo. Beba pia kalenda ya watoto na picha ya kipimajoto uliyoipiga mchana, na nyingine ya usiku.